Mashine ya kunyolea farasi mwenye manyoya mazito: tazama mota na bledi kabla ya bei

Kabla hujatoa pesa kununua mashine, jiulize kwa nini farasi wako ana manyoya mengi hivyo. Kinachomfanya farasi aote manyoya au ayapukutishe hasa ni urefu wa mchana, na Nairobi, kwa kuwa iko karibu na ikweta, mchana wake haubadiliki sana mwaka mzima. Baridi ya Juni hadi Agosti huongeza manyoya kiasi. Lakini farasi wa miaka 15 kwenda juu akikaa na manyoya marefu, yenye mawimbi, yasiyopukutika hata Januari, mwite daktari wa mifugo kwanza. Mara nyingi hiyo ni dalili ya ugonjwa wa tezi ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambao pia huleta kiu, kukojoa sana, kupungua misuli ya mgongo na maumivu ya kwato. Kunyoa kutampunguzia joto, ila ugonjwa utabaki palepale.

Kwa poni na farasi wenye manyoya mazito kwa asili, sababu ya kunyoa ni jasho. Akifanya kazi saa tisa alasiri, jasho huingia ndani ya manyoya na kufika jioni bado amelowa, na jioni za baridi za Karen au Limuru, kando ya Nairobi, si za kumwacha mnyama amelowa. Manyoya mazito pia huficha kupe na vidonda.

Sasa mashine. Kosa linaloonekana sana ni kuchukua ile ya kinyozi, inayouzwa River Road katikati ya Nairobi, na kuipeleka kwenye zizi. Ile imetengenezwa kwa kichwa cha mtu. Ikiingia kwenye manyoya mazito, mota hupungua kasi, bledi huanza kushika badala ya kukata, farasi anavutwa ngozi, na tangu siku hiyo akisikia mlio tu anarudi nyuma. Kumfundisha upya farasi aliyeumizwa hivyo huchukua muda mrefu kuliko kunyoa kwenyewe. Mashine ndogo ina kazi yake: uso, kuzunguka masikio, na kona za miguu. Mwili mzima wataka mashine kubwa ya farasi, yenye bledi pana za vipande viwili na skrubu ya kukazia.

Usihukumu nguvu kwa wati peke yake. Muulize muuzaji akuwashie, uisikilize: mlio uwe mmoja, usiopanda na kushuka. Ishike kwa mkono mmoja, mkono umenyooka, kwa dakika tano. Mashine kubwa nyingi hufika kilo moja au zaidi, na farasi mwenye manyoya mazito atakuchukua saa moja hadi mbili. Ukichoka, mkono unalala, bledi inainama, nawe unaacha mistari au kukata ngozi. Kama saisi wako, yaani mtunza farasi, ana kiganja kidogo, yeye ndiye aijaribu, kwa kuwa yeye ndiye atakayeitumia.

Angalia kibandiko cha umeme. Stima yetu Kenya ni volti 240. Mashine iliyoletwa na jamaa kutoka Marekani mara nyingi ni ya volti 120, na ukiichomeka moja kwa moja utaiunguza. Ya waya inafaa pale penye soketi karibu, ikiwa imeunganishwa kupitia swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja, sakafu kavu, na waya umepitishwa mahali farasi hawezi kuukanyaga. Ya betri ni nzuri kwa farasi mwoga na kwa mabanda yasiyo na stima, lakini kwa manyoya mazito usinunue yenye betri moja. Betri ikiisha umefika ubavuni, unabaki na farasi nusu.

Bledi ndiyo yenye uamuzi wa mwisho. Bledi laini huacha manyoya ya milimita 1 hivi, ya kati 1.5, na nene 2.5 hadi 3. Watu hupenda laini kwa sababu farasi hutoka anang'aa. Kwa manyoya mazito anza na nene: meno yake yameachana kidogo zaidi, manyoya yanaingia bila kusongamana, na mota haiteseki. Halafu farasi anabakiwa na kitu cha kumkinga usiku. Bledi za kukatia sufu ya kondoo usizitumie kabisa. Meno yale yaliyoachana mno huinasa ngozi ya farasi.

Skrubu ya kukazia ina madhara pande zote mbili. Ikilegea, manyoya huingia kati ya bledi mbili na kuvuta. Ikikazwa mno, bledi hupata moto na kuwa butu upesi, na mota huchoka. Fuata kijitabu cha mashine yako kuhusu skrubu izungushwe mara ngapi. Bledi ikiacha kukata, usikimbilie kukaza. Zima, chomoa, fungua, piga burashi, tia mafuta, ndipo ukaze kidogo. Bado haikati? Basi ni butu, badilisha.

Uchafu huua bledi kuliko manyoya yenyewe. Vumbi jekundu la huku hufanya kazi ya msasa. Mwoshe farasi siku moja kabla, akauke kabisa, kisha mpige burashi. Manyoya yenye unyevu hayakatiki sawasawa. Wakati wa kunyoa, tia matone ya mafuta kila baada ya dakika 10 hadi 15, na gusisha bledi kwenye upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako. Ikikuchoma wewe, inamchoma yeye. Tumia mafuta ya mashine hiyo au ya cherehani. Mafuta ya kupikia huganda, na oili ya gari iliyotumika ina chembechembe za chuma. Safisha pia kichujio cha hewa cha mashine. Kikiziba, mota inaungua.

Nyoa kinyume cha manyoya, ngozi ukiivuta ikaze kwenye kiwiko na chini ya tumbo. Farasi anayelala nje, mnyoe chini ya shingo, kifua na tumbo tu, mgongo ubaki. Ukimnyoa wote, awe na blanketi usiku wa baridi. Sharubu na manyoya ya ndani ya masikio yaache: sharubu ndizo anazopapasia, na shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi lilipiga marufuku kuzinyoa kwa farasi wa mashindano yake kuanzia Julai 1, 2021. Hakikisha pia chanjo ya pepopunda iko sawa, maana hata mkwaruzo mdogo unatosha kumwambukiza.

Nunua seti mbili za bledi tangu siku ya kwanza, na kama duka haliuzi bledi za mashine hiyo, achana na mashine hiyo. Bledi zikiwa butu, zipeleke mbili pamoja kwa fundi mwenye sahani bapa ya kunolea bledi za mashine. Fundi wa visu vya jikoni, mwenye jiwe linalozunguka, ataondoa ule ubapa unaozifanya bledi mbili zikutane, na baada ya hapo hakuna skrubu itakayozisaidia.