Kadi ya salamu kutokana na boksi na kanga kuukuu

Ukipewa kadi iliyotengenezwa kwa mkono, itazame kwanza mgongoni, pale ilipokunjwa. Ukiona karatasi imepasuka kwenye mkunjo, au kitambaa cha mbele kimevimba mapovu, ujue mwenyewe alikimbilia mapambo. Shanga na riboni hazifichi hilo. Kwa hiyo hapa nitakaa sana kwenye kukata, kukunja na kugandisha. Mapambo nitayapitia juu juu, kila mtu ana jicho lake.

Tunatengeneza kadi ya kukunja mara moja, ambayo ikishakunjwa ina sentimita 10.5 kwa 14.8. Ukiilaza wazi ni nusu kamili ya karatasi ya A4, kwa hiyo huhitaji hata kupima: kunja karatasi ya fotokopi katikati, ikate, na hiyo nusu ndiyo kipimo chako.

Hatua ya 1: Tafuta boksi

Pita jikoni na bafuni kabla ya kwenda dukani. Boksi la majani ya chai, la nafaka za kifungua kinywa, la sabuni ya unga, la balbu, yote yanafaa. La viatu mara nyingi ni nene mno, linakunjika vibaya. Boksi la maziwa au juisi liache kabisa, kwa sababu lina tabaka za plastiki na gundi ya maji haishiki. Ukiwa na shaka, chana kona kidogo. Karatasi tupu ikichanika huacha nyuzinyuzi. Yenye plastiki huvutika kabla ya kukatika.

Kwa sisi wa Tanzania kuna hazina nyingine: kadi za michango. Harusi, sendofu, kipaimara, zimejaa kwenye droo ingawa siku hizi nyingi huja kwa WhatsApp. Ile karatasi ni nzito na nzuri kuliko boksi lolote. Hakikisha tu umeikagua pande zote kabla ya kuibandika, usije ukampelekea shangazi kadi ya Idi yenye namba ya mweka hazina wa kamati kwa nyuma.

Fungua boksi pale lilipogandishwa, lilaze, na utafute eneo lisilo na mikunjo ya zamani. Kama ni dogo, usilitupe. Kata vipande viwili vya sentimita 10.5 kwa 14.8, vipange kwa kuachana milimita 2, kisha viunganishe mgongoni kwa utepe wa kanga wenye upana wa sentimita 3. Binafsi naipenda zaidi hiyo kuliko ya kipande kimoja, maana inafunguka kama jalada la kitabu.

Hatua ya 2: Kata na ukunje

Karatasi ya boksi ina uelekeo. Nyuzi zake zimelala upande mmoja, na mkunjo unaofuata nyuzi hutoka laini, wakati unaozikata hupasuka. Kuujua ni rahisi: pinda kipande taratibu kwa urefu bila kukivunja, halafu kwa upana. Pale kinapokubali kwa wepesi ndipo nyuzi zilipolala. Panga kipimo chako ili mgongo wa kadi uelekee huko, hata kama utapoteza kipande kikubwa cha boksi. Boksi ni la bure.

Kata kwa wembe na rula ya chuma badala ya mkasi. Pita mara kadhaa kwa mkono mwepesi. Kisha chukua peni iliyokwisha wino, weka rula katikati, na uvute mstari mara mbili au tatu kwa kukandamiza mpaka uone mfereji. Mfereji huo uchore upande utakaokuwa nje ya kadi, kisha kunja kuelekea upande wa pili, kinundu kibaki ndani. Wengi hukunja kinyume, na hapo ndipo mgongo unapochanika. Maliza kwa kusugua mkunjo kwa mgongo wa kijiko.

Upande upi uwe nje? Ule wa kijivu au kaki usiochapishwa. Gundi ya maji inaupenda kwa sababu hauna mng'ao, na rangi za kanga huonekana vizuri juu yake.

Hatua ya 3: Pika gundi

Gundi nyeupe ya dukani inafaa, ila kwa kitambaa napendelea uji wa ngano. Koroga vijiko 2 vya chakula vya unga wa ngano kwenye nusu kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Bandika kwenye moto mdogo, usiache kukoroga. Utaona ule weupe wa maziwa unapotea, uji unakuwa mzito wenye mng'ao kidogo. Hapo epua, uache upoe, kisha uchuje kwa kitambaa. Bonge moja likibaki litaonekana chini ya kanga kama kipele.

Uji huu hukaa siku mbili tatu kwenye friji. Ukianza kunuka, mwaga. Tone la mafuta ya karafuu huchelewesha ukungu, na pia kadi inatoka na harufu nzuri.

Hatua ya 4: Andaa kanga

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayotofautisha kadi safi na kadi yenye manyoya pembeni.

Tumia kanga kuukuu, iliyofuliwa miaka. Kanga mpya bado ina ugumu wa kiwandani na rangi inaweza kuchuja ikikutana na uji. Piga pasi. Ilaze kifudifudi juu ya sinia au kigae safi, na kwa brashi au mswaki wa zamani paka uji mwepesi upande wa nyuma, ukitoka katikati kwenda pembeni. Mwepesi maana yake kitambaa kinalowa lakini hakiachi utelezi mweupe kidoleni. Anika kivulini. Kikikauka kinabanduka kikiwa kigumu kidogo, na kuanzia hapo unakikata kama karatasi: mduara, jani, mwezi, chochote, bila hata uzi mmoja kuchomoza.

Sasa chagua sehemu. Kanga ina pindo (ukanda unaoizunguka), mji (sehemu ya katikati) na jina (ule msemo ulioandikwa). Pindo ni zuri kwa ukanda wa chini au wa pembeni. Mji mara nyingi una ua au embe moja kubwa, ambalo unaweza kulikata kwa kufuata ukingo wake na kuliweka peke yake katikati ya kadi. Kama una mabaki ya vitenge kutoka kwa fundi cherehani, utaratibu ni huohuo.

Hatua ya 5: Bandika na kandamiza

Paka uji kwenye kitambaa, siyo kwenye boksi. Kiweke, kisha kifunike kwa karatasi safi na upitishe kiganja ukitoka katikati kwenda nje. Usivute, kitapinda.

Boksi likipata unyevu upande mmoja hujikunja. Usihangaike, laza kadi ikiwa wazi katikati ya karatasi mbili kavu, juu yake vitabu vizito au ndoo ya maji, mpaka kesho yake. Ukiianika juani umeiharibu.

Hatua ya 6: Shona karatasi ya ndani

Upande wa ndani una maandishi ya boksi, na gundi haishiki vizuri pale penye mng'ao. Suluhisho ni sindano. Kunja karatasi nyeupe yenye ukubwa wa kadi, iweke ndani, toboa matundu matatu kwenye mkunjo: la katikati, na mawili kwa umbali wa sentimita 3 kutoka kila mwisho. Anzia ndani, toka kwa tundu la katikati, ingia kwa la juu, ruka hadi la chini utoke, rudi ndani kwa la katikati. Ncha mbili za uzi ziwe kulia na kushoto kwa ule uzi mrefu, zifunge fundo juu yake.

Mtu akifunua karatasi ataona nembo ya chai kwa chini. Mimi huiacha, inachekesha. Usipoipenda, kwangua mng'ao kwa msasa laini na ubandike karatasi nyingine.

Kadi ya jina zima

Hii ni ya mtu wa karibu. Chukua jina fupi la kanga, au leso kama uko Mombasa, mfano NANI KAMA MAMA. Andaa kitambaa kama hatua ya 4, kata kila neno peke yake, pima lile refu kuliko yote na uongeze sentimita 2: huo ndio upana wa kurasa zako. Kata ukanda wa boksi wenye kurasa tatu, mfereji wa kwanza uwe upande wa mbele na wa pili upande wa nyuma, ili ukunjike kama feni. Neno moja kila ukurasa. Salamu zako ziandike nyuma, ukianza na shikamoo kama anayepokea anastahili.

Bahasha

Kata mraba wa sentimita 20 kutoka kwenye ukurasa wa kalenda ya mwaka jana. Weka kadi ya kwanza katikati kimshazari, kunja kona za pembeni, kisha ya chini, bandika, na ya juu ibaki kuwa mfuniko. Picha ya kalenda ikiwa nje, bandika kipande cheupe cha kuandikia jina. Kama kadi inasafiri kwa basi, ongeza kipande kigumu cha boksi nyuma yake, maana parseli hupangwa chini ya mizigo bila kuuliza kilichomo.