Kabla ya kufungiwa taji juu ya kipandikizi cha jino

Jino la asili limeshikwa na nyuzi laini ndani ya mfupa. Ukiuma kitu kigumu linabonyea kidogo, nawe unashtuka mapema. Kipandikizi, yaani mzizi bandia wa titani unaopandwa kwenye mfupa wa taya, hakina nyuzi hizo: titani imeshikana na mfupa moja kwa moja, haibonyei, na hisia yake ni hafifu. Nguvu ikizidi, wewe husikii. Inayoumia ni skrubu inayoshikilia taji, taji lenyewe (jino bandia la juu ya kipandikizi) au mfupa.

Subiri mfupa ushike: mara nyingi miezi 3 hadi 6, taya la juu likichelewa zaidi. Ukipewa taji la muda, lisigusane na jino la taya lingine linalokutana nalo.

Kama unasaga meno usingizini, sema mapema. Hujui? Muulize unayelala naye. Kinga ngumu ya akriliki ya kuvaa usiku iingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

Siku ya kufunga taji, usishuke kwenye kiti kabla daktari hajapima unavyouma, na ganzi iwe imeisha, maana kinywa chenye ganzi kinadanganya. Karatasi ya rangi, ile inayoacha alama mahali meno yanapogusana, peke yake haitoshi. Ukiuma taratibu, ukanda mwembamba wa maikromita 8 (milimita 0.008) uchomoke kwenye taji huku meno ya jirani yakiwa yameubana. Ukikaza taya, ndipo taji nalo liubane. Meno ya jirani hubonyea kwanza, kwa hiyo taji likigusa mapema litabeba mzigo wote peke yake. Ukisogeza taya pembeni, taji la gego lisiguse kabisa: nguvu ya ubavuni ndiyo mbaya kuliko zote.

Sasa, skrubu. Taji linaanza kucheza kidogo tu, haliumi, mtu anaendelea kutafuna nalo kwa kuwa "bado halijatoka". Skrubu iliyolegea hukunjwa kila unapouma, kama waya, hadi ikatike ndani. Kuchimbua kipande kilichobaki kunaweza kuharibu mikato ya ndani ya kipandikizi inayoshika skrubu, na hapo huenda ukaanza upya. Taji likicheza, acha kutafunia upande huo, uende wiki hiyohiyo. Usigundishe kwa gundi. Daktari akikaza kwa spana yake yenye kipimo bila kupima tena unavyouma, muulize kwa nini ililegea, la sivyo utarudi.

Barafu, mifupa, vifuniko vya soda: acha. Na upimwe tena unavyouma kila mwaka, hata kama hakuna kinachouma, kwa sababu meno ya asili husagika na kuhama, na jino lililozibwa upya kwenye taya lingine linatosha kuvuruga mpangilio wote.