Jinsi ya kuandika maisha ya mwanasiasa wa jimbo aliyekaa bungeni miaka mingi, mfano Fred Risser wa Wisconsin

Watu wetu wakiandika siasa za Marekani karibu wote wanakimbilia Washington, rais kasema nini, Kongresi imefanya nini, basi. Lakini leseni ya udereva, ada ya chuo cha umma, ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba, mishahara ya walimu, hivyo vyote kwa sehemu kubwa vinaamuliwa kwenye bunge la jimbo, na ndugu zetu waliohamia Minnesota, Ohio, Texas na kwingineko wanaishi chini ya hizo sheria kila siku bila kumjua hata mmoja aliyezitunga. Kwa hiyo mimi nasema tuandike habari za hawa watu wa majimboni, na hasa wale waliokaa muda mrefu, maana ukifuata maisha ya mmoja wao vizuri unakuwa umeshasoma historia ya jimbo zima.

Hapa natumia mfano mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho, Fred A. Risser wa mji wa Madison, jimbo la Wisconsin. Alizaliwa Mei 1927, akaenda jeshi la majini mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, akasomea sheria Chuo Kikuu cha Oregon, akarudi kwao kufanya uwakili, na Novemba 1956 akachaguliwa kuingia bunge la chini la jimbo. Mwaka 1962 akahamia Seneti. Akatoka Januari 2021 akiwa na miaka 93. Piga hesabu mwenyewe, ni miaka 64 mfululizo, na hakuna mbunge wa jimbo yeyote katika historia ya Marekani aliyefika hapo.

Sasa hiyo 64 ndiyo inayowapoteza waandishi wengi. Mtu anaiona, anaishangaa, anaandika makala nzima ya kushangaa. Miaka mingi haikuambii mtu alifanya nini, inakuambia tu kwamba hakuondolewa. Swali unalotakiwa kulibeba kuanzia siku ya kwanza ni hili: huyu mtu alifanya nini wakati chama chake hakina nguvu? Ukiwa na wingi wa viti kila mtu anaweza kupitisha sheria, ila mtu unamjua akiwa upande wa wachache, miswada yake inatupwa kapuni, na bado mwaka unaofuata anarudi nayo.

Anza na kiti, usianze na mtu. Yaani chukua daftari au spredishiti, andika miaka kushuka chini, halafu tengeneza safu tatu pembeni: nani alikuwa gavana, chama gani kilishika bunge la chini, chama gani kilishika Seneti. Hiyo fanya kabla hujaandika hata sentensi moja kuhusu mtu mwenyewe. Kwa Wisconsin bunge la chini, Assembly, lina viti 99 vya miaka miwili miwili, na Seneti ina viti 33 vya miaka minne. Ukijaza hizo safu utaona jambo ambalo mahojiano ya magazeti hayakwambii kirahisi: Risser ni Mdemokrat, na Wademokrat hawakuishika Seneti mpaka 1975. Maana yake kijana huyu, aliyeingia Seneti 1962, alikaa humo miaka kama 12 ya mwanzo akiwa mtu wa upande wa wachache kila alipoingia ukumbini, na kwa miaka kadhaa ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Halafu meza ikageuka, 1979 akawa Rais wa Seneti, na cheo hicho alikishika vipindi tofauti tofauti kadiri wingi wa viti ulivyokuwa unaenda na kurudi, mara ya mwisho ikiwa 2012. Ukiwa na jedwali lako kila tarehe ya maisha yake inapata maana, bila jedwali unabaki na orodha ya vyeo.

Hizo taarifa utazipata wapi? Kwa Wisconsin kuna kitabu cha serikali kinaitwa Blue Book, kinatoka kila baada ya miaka miwili, na ndani yake kila mbunge ana aya yake: kazaliwa wapi, kasoma wapi, kazi gani, kachaguliwa lini, yuko kamati zipi. Matoleo ya zamani yameskaniwa na maktaba ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, unayasoma onlaini bure. Majimbo mengi yana kitabu cha namna hiyo hata kama jina ni lingine. Usichukue toleo moja tu, chukua yote ya miaka yake na uyasome kwa kufuatana, ile aya ya mtu mmoja inavyobadilika toleo hadi toleo inakupa mengi sana, kamati aliyoikalia miaka mingi ndiyo inayokuonyesha moyo wake uko wapi. Risser kwa mfano alikaa miaka na miaka kwenye tume ya majengo ya serikali, kazi isiyopigiwa makofi na mtu lakini ndiko inakoamuliwa pesa ya majengo ya vyuo, magereza na hospitali iende wapi.

Angalizo kubwa hapa, na nakuomba ulizingatie maana limeharibu wasifu za watu wengi: majina yanajirudia ndani ya familia za kisiasa. Baba yake aliitwa Fred E. Risser, naye alikuwa seneta wa Wisconsin, 1937 hadi 1949, kwa tiketi ya chama cha Progressive ambacho kilikuwa cha jimbo hilo. Ukisachi gazeti la Madison la 1941 ukakuta "Seneta Risser kasema hivi", huyo ni mzee, mtoto bado yuko shule. Herufi ya katikati, E au A, ndiyo inayokuokoa. Na sio baba tu. Babu upande wa mama, Ernest Warner, alikuwa bungeni kama Mrepublican, na baba wa huyo babu, Clement Warner, aliyepoteza mkono kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, naye alikaa bungeni hapo hapo. Vizazi vinne, na vyama vikawa vinabadilika kizazi hadi kizazi. Mimi hili naliona zito kuliko ile rekodi ya miaka. Linakuonyesha siasa za Wisconsin zilivyosafiri, kutoka watu wa Lincoln, rais wa wakati wa vita hivyo, kuja kwa Warepublican wa mageuzi, kuja kwa Progressive, mpaka Wademokrat wa Madison, nyumba ile ile imepita njia yote hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuandika aya ya utoto, chora ukoo kwenye karatasi na uweke tarehe za kila mtu.

Tukija kwenye sheria sasa, hapa ndio kazi ilipo na hapa usiwe na haraka.

Wisconsin wanahesabu sheria upya kila kikao cha miaka miwili, ndiyo maana utaona kitu kama 2009 Act 12, yaani sheria ya kumi na mbili ya kikao kilichoanza 2009. Usiandike namba bila mwaka, haina maana yoyote. Hiyo Act 12 ni ile iliyopiga marufuku kuvuta sigara ndani ya baa, migahawa na sehemu za kazi jimbo zima, gavana Jim Doyle akaisaini Mei 2009 na ikaanza kutumika tarehe 5 Julai 2010. Risser alikuwa mmoja wa waliokuwa wanaisukuma vita hiyo ya sigara kwa miaka mingi. Sasa angalia jedwali lako: 2009 na 2010 chama chake kilishika mabunge yote mawili na ugavana. Umeona? Alichokitaka muda wote kikapita mlango ulipofunguka. Hivyo ndivyo unavyotakiwa kusimulia, usiandike tu "alipitisha sheria ya sigara", andika alisubiri nini na nani alikuwa amesimama mlangoni.

Halafu nenda kwenye miswada iliyokufa. Websaiti ya bunge la Wisconsin inakuonyesha historia ya kila mswada wa miaka ya karibuni, umesomwa lini, umepelekwa kamati gani, na ukishuka chini kabisa utakuta mstari unaosema haukupita kwa mujibu wa azimio la pamoja namba 1, yaani kikao kimeisha na mswada umeishia kamatini bila hata kupigiwa kura. Watu wanaruka hiyo mistari. Usiiruke. Risser aliwasilisha zaidi ya mara moja mswada wa kufuta sheria ya utoaji mimba ya mwaka 1849, sheria ambayo kwa miaka mingi watu waliona ni maandishi mafu tu kwa sababu uamuzi wa Roe wa 1973, ulioruhusu utoaji mimba nchi nzima, ulikuwa umeifunika. Ikaja Juni 2022, Mahakama Kuu ya Marekani ikaufuta ule uamuzi wa Roe, ile sheria ya 1849 ikaamka, kliniki za Wisconsin zikasimamisha huduma zaidi ya mwaka, na kesi ikaenda mpaka Julai 2025 ndipo mahakama ya juu ya jimbo iliposema kwa kura 4 kwa 3 kwamba sheria hiyo haina nguvu. Uwe unakubaliana naye au hukubaliani naye kwenye suala lenyewe, kama mwandishi huwezi kuiacha miswada hiyo nje. Mtu aliona shimo mapema na rekodi ipo, ila haipo kwenye orodha ya sheria zilizopita.

Kwa tukio kubwa, chagua moja tu ulizame. Kwa Risser ni Februari 2011. Gavana Scott Walker alileta mswada wa kubana haki za vyama vya wafanyakazi wa umma. Seneti ilikuwa na Warepublican 19 na Wademokrat 14, na akidi, yaani idadi inayotakiwa kuwepo ukumbini, ya kupigia kura mswada wa mambo ya fedha ilikuwa watu 20. Mmoja tu alikosekana. Basi tarehe 17 wale 14 wote wakavuka mpaka kwenda Illinois ambako polisi wa Wisconsin hawana mamlaka ya kuwarudisha, na Risser aliyekuwa na miaka 83 alikuwa mmoja wao. Maelfu ya watu wakajaa kwenye jengo la bunge Madison, wengine wanalala humo humo sakafuni. Tarehe 9 Machi Warepublican wakaondoa vipengele vya fedha, wakapitisha kilichobaki kwa kura 18 kwa 1, na ndiyo ikawa 2011 Act 10. Wale 14 wakarudi tarehe 12. Unapoandika kisa kama hiki soma pande mbili kweli kweli, gazeti la Capital Times lina mwelekeo wake na Wisconsin State Journal lina wake, na baada ya hapo kaa na jarida rasmi la Seneti la siku hiyo ambalo halina maoni, linakupa saa, waliokuwepo na kura. Video nazo zipo, chaneli ya WisconsinEye ilianza kurekodi vikao 2007. Mtazame mtu anavyokaa, anavyoomba hoja ya utaratibu, huwezi kuyapata hayo kwenye maandishi.

Pesa usiiogope. Kila jimbo lina ofisi inayotunza ripoti za michango ya kampeni, Wisconsin ni Tume ya Maadili, unaingia, unaandika jina, unapakua. Angalia nani anarudia kuchangia mwaka hadi mwaka, kisha linganisha na kamati aliyokuwa anakaa.

Na hapa nikuwekee mfano wa upande wa pili ili usiandike wasifu wa kusifia tu. Jirani hapo Illinois, Michael Madigan aliingia bungeni 1971, akawa Spika tangu 1983 mpaka 2021, ukiondoa miaka miwili ya katikati ya miaka ya 90, hakuna kiongozi wa bunge la jimbo aliyewahi kumpita kwa muda. Wakati huo huo alikuwa na ofisi yake ya uwakili wa kodi za majengo. Kampuni ya umeme ComEd ilikubali kulipa dola milioni 200 mwaka 2020 kwenye kesi ya kumpendelea yeye na watu wake, na Februari 2025 baraza la wazee wa mahakama likamkuta na hatia kwenye makosa 10, Juni akahukumiwa miaka 7 na nusu. Aliyesoma ripoti za michango, orodha ya waliopewa kazi na nani anashika ufunguo wa miswada angekuwa na maswali yake mapema sana. Majimbo kama California na Michigan yana kikomo cha muda kwa wabunge wao, Wisconsin na Illinois hawana, na hilo nalo liandike maana bila hilo msomaji wa kwetu hataelewa iliwezekanaje.

Ukimaliza makaratasi ndio utafute watu. Usianze na yeye mwenyewe, viongozi wazee wana visa vyao wamevisimulia hadi vimekuwa laini, utatoka na vile vile vilivyo kwenye kila gazeti. Anza na wasaidizi wa zamani, makarani wa kamati, na hasa wapinzani wake waliostaafu, waandikie barua pepe fupi yenye swali moja lenye tarehe, kwa mfano "Machi 2011 mliporudi ukumbini mliongea nini na Seneta Risser?" Swali la "unamkumbukaje" linaleta salamu za rambirambi tu, hata kwa mtu aliye hai.

Wakati wa kusahihisha kagua vitu vidogo hivi: kuchaguliwa ni Novemba, kuapishwa ni Januari, hivyo "mbunge tangu 1956" ni kosa na "tangu 1957" ni sahihi. Namba ya eneo la uchaguzi inabaki lakini mipaka yake inachorwa upya baada ya kila sensa, kwa hiyo eneo la 26 la Seneti, lile la Risser, la miaka ya 60 sio lile la 2020 hata kama namba ni ile ile, weka ramani zote mbili. Na hesabu ni mara ngapi alipita bila mpinzani, hiyo ndiyo inayokuambia kama alikuwa anapendwa sana au kiti kilikuwa salama tu, na kwa katikati ya Madison jibu la kweli ni yote mawili.

Aya ya mwisho ya wasifu mpe aliyekuja baada yake. Risser alitangaza kutogombea tena Machi 2020, Wademokrat kadhaa wakaingia kwenye kura ya mchujo, na kiti akachukua Kelda Roys, ambaye alishakaa bunge la chini kabla na aliwahi kuwania tiketi ya ugavana 2018. Angalia mwaka wake wa kwanza alirudisha miswada ipi ya yule mzee na ipi aliiacha, halafu iorodheshe hapo kwa namba na mwaka.