Kabla hujaenda Atlantic City na rafiki kucheza poka: mambo ya kuzingatia

Kwa wanaoishi Philadelphia na vitongoji vyake, Atlantic City, mji wa kasino ulio pwani ya jimbo la New Jersey, ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo: maili kama 60 kwa gari, au treni ya NJ Transit, shirika la usafiri la jimbo hilo, kutoka stesheni ya 30th Street. Kufika si kazi. Kazi ni maamuzi ambayo lazima wewe na mwenzako myafanye mkiwa bado sebuleni, kwa sababu mezani hayafanyiki.

La kwanza ni fedha. Kwenye poka hushindani na kasino, mnanyang'anyana wachezaji wenyewe kwa wenyewe. Kasino inajikatia chake kwenye kila dau linalokusanyika, kwa kawaida asilimia 10 mpaka kikomo cha dola chache. Maana yake, hata mkiwa watu tisa wenye uwezo sawa, nyote mtaisha polepole. Meza ndogo huwa za dola 1 na 2, au 1 na 3, yaani madau ambayo wachezaji wawili hulazimika kuweka kabla karata hazijaonekana. Kukaa hapo bila woga unahitaji kama dola 200 au 300, na kiasi kingine kama hicho mfukoni, kwani unaweza kucheza vizuri kabisa na karata ya mwisho ikakukana. Ikiwa hizo ni fedha za kodi ya nyumba, au za kumtumia mama, safari iahirishwe. Toa taslimu kwenye benki yako mapema. ATM za ndani ya kasino hutoza ada kubwa, lakini ubaya wake hasa ni kwamba zipo hatua chache kutoka mezani.

La pili, na ndilo linalovunja urafiki: je, mnachanga? Marafiki wengi hukubaliana kugawana faida, kila mmoja apate asilimia fulani ya mwenzake. Si vibaya, ila mkishakubaliana hivyo msikae meza moja. Kuoneana huruma, kutomwekea dau mwenzako wakati una karata nzuri, ni kula njama, na mnaweza kutolewa nje. Kukopeshana nako kusemwe mapema. Mimi naona jibu liwe hapana, na lisemwe kabla hamjawasha gari, wakati hakuna aliyefilisika wa kununa. Tena chipu (vidude vinavyotumika mezani badala ya fedha) zilizo mbele yako haziruhusiwi kuondoka mezani mpaka unaponyanyuka, kwa hiyo huwezi kumsogezea ndugu yako chache ili ajikwamue.

Kisha zipo taratibu zinazomshangaza aliyezoea kucheza nyumbani au kwenye simu. Wakati karata zinachezwa, vyumba vya poka vya Marekani hutaka Kiingereza tu mezani. Nong'oneza Kiswahili kidogo na mgawa karata atakukatiza. Ukitamka "raise", yaani napandisha dau, umefungwa na neno lako. Ukitupa chipu moja ya thamani kubwa kimya, huhesabiwa umelifuata dau tu, hata kama ulitaka kulipandisha. Na usisogeze chipu za dau moja kwa mikupuo miwili. Ukishinda, dola 1 kwa mgawa karata ni ada ya ungwana.

Beba pasipoti au kitambulisho cha jimbo, hata kama una mvi: sheria ya New Jersey ni miaka 21. Beba sweta pia, kiyoyozi hakina huruma. Si kila kasino ya mji huo ina chumba cha poka. Borgata, iliyofunguliwa mwaka 2003, inajulikana kwa chumba chake kikubwa, lakini ipo upande wa Marina, mbali na ufuko na stesheni, kwa hiyo wenye treni wahesabu nauli ya teksi. Piga simu kabla ya kuondoka uulize meza gani zimefunguliwa na foleni ikoje. Jumamosi jioni wachezaji wa kubahatisha ni wengi, na foleni nayo ni ndefu.

Kama mwenzako aliwahi kujiandikisha mwenyewe kwenye orodha ya jimbo ya wanaojizuia kucheza kamari, usimbembeleze. Hata akishinda, fedha hizo hutaifishwa. Namba 1-800-GAMBLER hupokea simu za wachezaji na za jamaa zao pia.

Mwisho ni saa ya kurudi. Ipangeni kwa saa, si kwa matokeo. "Tukirudisha hela zetu tunaondoka" si saa. Mmepanga saa mbili usiku, basi aliyeshinda na aliyepoteza wanyanyuke pamoja, na dereva asiguse vinywaji ambavyo wahudumu huvipitisha bure mezani. Wenye treni wapige picha ratiba ya jioni, maana hazipiti mara kwa mara. Ya mwisho ikishaondoka, kinachobaki ni teksi ya maili 60 au chumba cha hoteli, na chini ya chumba hicho meza ni zilezile.