"Advice" au "advise"? Namna ya kuchagua unapoandika na unapotamka

Barua pepe nyingi za ofisini huishia na "Please advice", na mwandishi alitaka "Please advise". Kompyuta mara nyingi huliachia kosa hilo lipite, maana maneno yote mawili yamo kwenye kamusi. Inabidi uyatenganishe mwenyewe.

Hatua ya 1: Anzia kwenye Kiswahili
Iseme sentensi yako kwa Kiswahili kwanza. Likija neno "ushauri", andika "advice". Kikija kitenzi, kama nakushauri, alitushauri au wameshauriwa, andika "advise". Alinishauri nipumzike: "She advised me to rest." Nilifuata ushauri wake: "I followed her advice."

Hatua ya 2: Usitafute wingi
Ushauri hauna wingi, na "advice" ni hivyo hivyo. "Advices" ni kosa, na "an advice" ni kosa pia. Ukitaka kuhesabu, sema "a piece of advice" au "two pieces of advice". Na ukimtaja anayeshauriwa, usichomeke "to" mbele yake: "advise me" inatosha.

Hatua ya 3: Zoeza ulimi
Hapa usikimbie. "Advice" huishia na s ya basi, "advise" na z ya mbuzi. Sauti zote mbili tunazo tangu utotoni. Kinachotuponza ni mazoea ya kumalizia neno kwa irabu, tukasema "advaisi" kwa yote mawili. Ikate hiyo i ya mwisho. Mkazo uweke kwenye "vai". Halafu angalia urefu: mbele ya s, "ai" hukatwa upesi, mbele ya z, huvutwa kidogo. Mvuto huo humsaidia sana anayekusikiliza, hata pale z yako inapofifia. Gusa koo lako ukiivuta z. Utausikia mtetemo ambao s haina. Sasa sema polepole: "I advise you to take his advice."

Hatua ya 4: Panua
"Device" na "devise" hufuata kanuni hiyo hiyo, kwa maandishi na kwa sauti. "Licence" na "license", "practice" na "practise" ni tofauti kidogo: hutamkwa sawa, na tofauti iko kwenye tahajia ya Uingereza tu, c kwa nomino na s kwa kitenzi. Marekani huandika "license" na "practice" kila mahali. Shule za Tanzania na Kenya hufuata tahajia ya Uingereza, kwa hiyo kwenye mtihani leseni ya udereva ni "driving licence".