Jinsi ya Kusoma Mswada wa Minnesota kwa Jicho la Mbunge

Anayefungua kwa mara ya kwanza mswada wa bunge la jimbo la Minnesota, hasa ule unaogusa ulaghai wa fedha za umma, kodi au matibabu, kwa kawaida huanza na kichwa chake, na hapo ndipo anapopotea. Mbunge mzoefu huanza kwa kuuliza fedha zinaingilia mlango gani, zinakaa mikononi mwa nani, na zinatoka kwa uthibitisho gani. Maswali hayo matatu ndiyo yanayoifanya miswada ya ulaghai, ya kodi na ya afya iwe jambo moja lenye majina matatu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kusoma kwa utaratibu huo, kisha namna ya kumwandikia mbunge wako kabla kura haijapigwa. (Neno jimbo hapa lina maana ya Minnesota nzima, si eneo la uchaguzi kama ilivyozoeleka Tanzania, na Baraza la Wawakilishi litajwalo ni lile la Saint Paul, Wazanzibari wawe radhi.)

Kwanza, hakikisha umeupata mswada wenyewe

Mswada mmoja kwa kawaida huwa na namba mbili: inayoanza na herufi HF ni ya Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 134, na inayoanza na SF ni ya Seneti yenye maseneta 67. Nakala hizo huanza zikiwa sawa, lakini kila upande una kamati zake na hufanya marekebisho yake, kwa hiyo baada ya wiki chache huenda zikawa zimeachana sana. Zisome zote mbili.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba mswada mdogo unaweza kuonekana umekufa katika kamati, kumbe maneno yake yamehamishiwa katika mswada mkubwa wa mkusanyiko. Katiba ya Minnesota inataka kila sheria iwe na jambo moja tu, lakini usiku wa mwisho wa kikao cha mwaka 2024 ulipitishwa mswada wenye kurasa zaidi ya 1,400 ambao kwa kichwa ulikuwa wa kodi, na ndani yake mlikuwa na afya, nyumba, usafiri, kazi na hata kifungu cha vifaa vya bunduki. Mwaka 2025 jaji alikifuta kifungu hicho cha bunduki kwa kuvunja kanuni ya jambo moja. Kwa hiyo usitafute kwa namba peke yake. Tafuta kwa namba ya kifungu cha sheria kinachorekebishwa, kwa kuwa hiyo haibadiliki hata mswada ukihamishwa mara tatu.

Pili, soma yaliyopigiwa mstari, kisha tafuta neno “lazima”

Katika maandishi ya mswada, maneno mapya hupigiwa mstari chini na yanayoondolewa hukatwa kwa mstari katikati. Maneno yaliyobaki wazi ni sheria iliyopo. Msomaji mwenye haraka anaweza kusoma yale mapya tu, lakini nafikiri yaliyokatwa ndiyo yanayostahili muda zaidi, kwa sababu huko ndiko haki ya mtu inakoweza kuondoka bila kelele.

Hapa ndipo miswada ya kupambana na ulaghai inapohitaji utulivu. Chanzo cha mingi kati ya hiyo ni kesi ya Feeding Our Future, shirika lililokuwa kiungo kati ya serikali na vituo vya kuwalisha watoto wakati wa janga la UVIKO-19. Waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani walipotangaza mashtaka ya kwanza mwezi Septemba 2022, walitaja hasara ya takriban dola milioni 250. Utaratibu ulikuwa wa kulipa kwanza na kuhakiki baadaye: kituo kinadai kimewalisha watoto kadhaa, fedha zinatoka, na anayetaka kujua kama watoto hao wapo anafika wakati fedha zimeshageuka kuwa magari na nyumba. Ofisi ya Mkaguzi wa Bunge, ambayo kwa kazi yake inakaribiana na ile ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kule Tanzania isipokuwa yenyewe ni mkono wa bunge, iliandika katika ripoti ya Juni 2024 kwamba usimamizi hafifu wa Idara ya Elimu ya jimbo ulitoa mwanya kwa ulaghai huo.

Ukishaujua ugonjwa, uliza dawa inayoletwa ni ya aina gani. Mswada unaosema kamishna, yaani mkuu wa idara ya jimbo, “anaweza” kusimamisha malipo unaacha uamuzi kwa mtu. Unaosema “ni lazima” unamwondolea visingizio, lakini pia unamwondolea busara. Angalia vilevile kiwango cha ushahidi kinachotakiwa. Kwa malipo ya Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambayo Minnesota huiita Medical Assistance, kanuni za serikali kuu huitaka jimbo kusimamisha malipo pale penye “tuhuma ya kuaminika”, labda pawe na sababu nzuri ya kutofanya hivyo. Tuhuma ya kuaminika haijafika kuwa hatia. Kwa hiyo tafuta katika mswada muda ambao malipo yanaweza kuzuiwa, nani anapewa taarifa, na kama aliyezuiliwa ana pa kukata rufaa kabla hajafunga ofisi. Mswada usiojibu maswali hayo unaweza kumkosa mlaghai mkubwa, ambaye tayari ana wakili, na kumpata mtoa huduma mdogo ambaye mishahara yake hulipwa kila baada ya wiki mbili. Mwezi Oktoba 2025 Gavana Tim Walz aliagiza malipo ya huduma 14 za Medicaid zilizoonekana kuwa na hatari kubwa yapitiwe na kampuni ya nje kabla ya kutolewa, na ilielezwa kuwa ucheleweshaji ungeweza kufika siku 90. Sisi ambao ndugu zetu wanafanya kazi za kuwatunza wagonjwa majumbani tunaelewa siku 90 bila mshahara ni nini.

Tatu, fungua karatasi ya makadirio ya gharama

Mswada wenye athari kwa hazina huambatanishwa na makadirio. Ya gharama huandaliwa na idara husika chini ya uratibu wa ofisi ya bajeti ya bunge, na ya kodi huandaliwa na Idara ya Mapato. Mbunge wa kamati ya fedha huisoma karatasi hii kabla hajausoma mswada. Katika miswada ya ulaghai ina kasoro moja ya kimaumbile: mishahara ya wachunguzi wapya inahesabika leo, ilhali fedha zitakazookolewa ni vigumu kuziandika kwa tarakimu. Mswada mzuri unaweza hivyo kuonekana mzigo mtupu.

Makadirio pia hukosea kuelekea upande wa pili. Mpango wa kuwasaidia wagonjwa na walemavu kupata na kudumu katika makazi, ulioanza mwaka 2020, ulikadiriwa kugharimu takriban dola milioni 2.6 kwa mwaka; mwaka 2024 ulilipa zaidi ya dola milioni 100. Mwaka 2025 ulifungwa kabisa kwa sababu ya ulaghai, na waliokuwa wakisaidiwa kwa haki walifungiwa mlango pamoja na wezi. Ukiona mpango mpya, muulize mbunge wako ni kiasi gani cha kuvuka makadirio kitakachoilazimu idara kurudi mbele ya kamati kujieleza. Kama mswada hauna kikomo hicho, pendekeza kiandikwe.

Nne, fuata kodi mpaka inakoishia

Hapa Minnesota mjumbe yeyote wa Baraza la Wawakilishi anaweza kuwasilisha mswada wa kodi, tofauti na Tanzania ambako ibara ya 99 ya Katiba inamzuia mbunge wa kawaida kuleta mswada wa kupandisha kodi bila pendekezo la Rais linalowasilishwa na Waziri. Miswada ya mapato lazima ianzie Baraza la Wawakilishi, si Seneti.

Kodi unayopaswa kuijua kuliko zote katika mada hii ni ile ya asilimia 1.8 inayotozwa kwa watoa huduma za afya. Ilianzishwa na sheria ya mwaka 1992 iliyozaa MinnesotaCare, bima ya watu wenye kipato kisichofika pa kununua bima sokoni lakini kinachozidi kile cha Medical Assistance. Ilikuwa asilimia 2, na ilipangwa kufa mwishoni mwa mwaka 2019, wabunge wakaiokoa kwa kuipunguza. Sheria ya serikali kuu iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 inayazuia majimbo kuanzisha au kupandisha kodi za aina hii. Mbunge anayetaka kupanua bima ana mlango mmoja pungufu wa kuchotea fedha. Mwaka huohuo, katika makubaliano ya bajeti, wahamiaji watu wazima wasio na hati waliondolewa MinnesotaCare kuanzia tarehe 1 Januari 2026, mwaka mmoja tu baada ya kuruhusiwa, watoto walibakishwa.

Tano, andika mapema, kwa pande zote mbili

Bajeti ya miaka miwili hupitishwa katika mwaka wa tarakimu witiri, na kikao hufungwa mwezi Mei. Barua inayofika wakati mswada uko katika kamati ya kwanza ina uzito. Inayofika baada ya kamati ya maridhiano ya Baraza na Seneti kutoa ripoti haina, kwa kuwa ripoti hiyo hupigiwa kura jinsi ilivyo. Kupitisha mswada kunahitaji kura 68 katika Baraza na 34 katika Seneti. Uchaguzi wa 2024 uliishia kuligawa Baraza 67 kwa 67 kati ya vyama viwili, na hali hiyo ilimaanisha kwamba hakuna mswada unaopita bila kura ya chama cha pili. Mwandikie mbunge wako, kisha mwenyekiti wa kamati hata kama si wa chama ukipendacho.

Ukurasa mmoja unatosha. Taja unapoishi, namba ya mswada, namba ya kifungu na mstari, kisha neno unalotaka libadilishwe na neno unalotaka liwekwe badala yake. Mswada ukipita na gavana akautia saini, angalia tarehe ya kuanza kutumika: vifungu vya fedha kwa kawaida huanza tarehe 1 Julai, vya sera tarehe 1 Agosti, isipokuwa mswada wenyewe useme vingine. Katikati ya tarehe hizo idara huanza kutoa miongozo na fomu kwa watoa huduma, na fomu hizo nazo zisome ukiwa na mswada pembeni.