Jinsi ya Kuomba Kusoma Usanifu Majengo katika Chuo cha Jamii cha California kwa Nia ya Kuhamia Chuo Kikuu

Chuo cha jamii, kwa maana inayotumika Marekani, ni chuo cha umma cha miaka miwili. Kinampokea karibu kila mtu aliyetimiza miaka 18, bila mtihani wa kuingilia na bila kuangalia alipata daraja gani kidato cha nne. Katika jimbo la California, mkaazi hulipa ada ya dola 46 kwa kila yuniti (kipimo cha uzito wa kozi), yaani dola 2,760 kwa yuniti 60 ambazo ndizo kipimo cha kawaida cha miaka hiyo miwili. Kwa familia za Wakongo, Wakenya na Watanzania zilizohamia San Diego, Los Angeles au eneo la San Francisco, hii ni njia ambayo mtoto wa fundi mwashi anaweza kuipita hadi kwenye usanifu majengo bila kuiachia nyumba mzigo wa deni.

Hata hivyo, cheti cha miaka miwili hakimfanyi mtu kuwa msanifu majengo. Bodi ya kitaifa inayothibitisha masomo haya, NAAB, inathibitisha shahada za kitaaluma tu: B.Arch, shahada ya kwanza ambayo kwa kawaida ni ya miaka mitano, M.Arch, ya uzamili, na D.Arch, ya uzamivu. California yenyewe inaruhusu mtu kusajiliwa bila shahada iliyothibitishwa, mradi masomo na kazi zake kwa pamoja zifikie miaka minane na afaulu mitihani, lakini majimbo mengi hayakubali hivyo. Kwa sababu hiyo nashauri kwa msisitizo kwamba maombi ya chuo cha jamii yaanzie mwisho, yaani kwenye chuo kikuu unachotaka kuhamia. Kijana mmoja niliyemsaidia alisoma miaka miwili ya uchoraji wa ramani kwa kompyuta akiamini ndio usanifu wenyewe, na alipoomba kuhamia, ni kozi moja tu ya studio, yaani darasa la kubuni majengo kwa vitendo, iliyokubaliwa. Alikuwa na bidii, na alama zake zilikuwa nzuri. Hakuna aliyemwambia afungue ukurasa mmoja wa mtandao kabla ya kujiandikisha.

Ukurasa huo ni assist.org, na hatua ya kwanza ni kuufungua. Chagua mwaka wa masomo, chuo cha jamii kilicho karibu nawe, chuo kikuu unachokilenga, kisha fani ya Architecture. Utaonyeshwa orodha ya kozi zinazotakiwa na chuo kikuu, na mbele ya kila moja kozi ya chuo cha jamii inayokubaliwa mahali pake. Palipoandikwa "No Course Articulated" maana yake ni kwamba chuo chako hakina kozi inayolingana na ile, hivyo utaisoma baada ya kuhama. Pengo la namna hiyo likiwa katika kozi za jumla halina madhara makubwa, lakini likiwa katika studio linaweza kukugharimu mwaka mzima, kwa kuwa studio hupandwa kama ngazi, moja baada ya nyingine. Linganisha vyuo viwili au vitatu kabla ya kuamua. Miongoni mwa vyuo vya jamii vyenye masomo ya usanifu majengo ni San Diego Mesa College, Pasadena City College, East Los Angeles College, Orange Coast College, City College of San Francisco na Diablo Valley College. Upande wa vyuo vikuu vya umma, Cal Poly ya San Luis Obispo na Cal Poly ya Pomona hutoa B.Arch, ilhali UC Berkeley hutoa shahada ya kwanza ya miaka minne isiyo ya kitaaluma, ambayo mhitimu huifuatishia M.Arch. Vyuo vikuu binafsi kwa sehemu kubwa havimo katika ukurasa huo, na kila kimoja huulizwa chenyewe.

Baada ya kuchagua chuo, fungua akaunti ya OpenCCC, ambayo ni ya vyuo vya jamii vya California, na ujaze fomu yao ya maombi, CCCApply, ambayo haina malipo. Fomu si ngumu, lakini ina sehemu tatu zinazotaka utulivu.

Ya kwanza ni jina. Wengi wetu tuna majina matatu, na si ajabu pasipoti ikaandika jina la babu kuwa la ukoo wakati cheti cha shule kinaishia kwenye jina la baba. Wapo pia Wakongo ambao majina yao yalipinduliwa walipoandikishwa kambini. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chako cha sasa cha Marekani, herufi kwa herufi, na ulitumie hilohilo katika fomu ya msaada wa fedha, kwa sababu kompyuta ikiona majina mawili itadhani ni watu wawili. Ikiwa tarehe yako ya kuzaliwa iliandikwa 1 Januari kwa kuwa haikujulikana, usiirekebishe kwenye fomu hii peke yake.

Sehemu ya pili ni lengo la masomo. Chagua kuhamia chuo kikuu pamoja na fani ya usanifu majengo. Anayechagua kujiendeleza binafsi anaweza kujikuta hastahili msaada wa fedha, na wengi huchagua hivyo kwa unyenyekevu tu, wakiona haya kutangaza nia kubwa. Taja nia yako waziwazi.

Sehemu ya tatu ni ukaazi. Ili ulipe dola 46, kwa kawaida unatakiwa uwe umeishi California kwa nia ya kubaki muda usiopungua mwaka mmoja na siku moja kabla ya muhula kuanza. Aliyesoma sekondari hapa miaka mitatu na kuhitimu anaweza kuomba msamaha wa ada ya wageni, yaani ya wasio wakaazi wa jimbo, chini ya sheria iitwayo AB 540, hata kama hana hati za uhamiaji. Mkimbizi aliyefikia California alipoingia Marekani naye ana msamaha wake. Ofisi ya udahili ikikuandika mgeni kimakosa, peleka mkataba wa nyumba, bili ya umeme na leseni ya udereva, na uombe uamuzi ubadilishwe kabla ya kulipa.

Msaada wa fedha huombwa kwa FAFSA, fomu ya serikali kuu ya Marekani, ambayo kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba ya mwaka unaotangulia masomo. Asiyestahili FAFSA kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji lakini ana msamaha wa AB 540 hujaza fomu ya jimbo, California Dream Act Application. Ruzuku ya Pell, inayotolewa na serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, ilifikia hadi dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025–26, na hairudishwi. Ada yenyewe inaweza kufutwa na California College Promise Grant, hivyo Pell ikabaki kwa nauli, kodi ya nyumba na vifaa. Kwa mwanafunzi aliye chini ya miaka 24, mara nyingi fomu haikamiliki mpaka mzazi naye afungue akaunti yake na kutia saini, na mzazi asiye na namba ya Hifadhi ya Jamii (Social Security) anaweza pia kuifungua. Kaa na mama au baba mezani mkiwa na karatasi za kodi ya mapato, na umsomee kila swali kwa Kiswahili kabla hajabonyeza. Kwa ruzuku za jimbo, tarehe ya mwisho ya kuomba kwa kawaida ni 2 Machi, na wanafunzi wa vyuo vya jamii hupewa nafasi nyingine hadi 2 Septemba.

Anayeomba akiwa nje ya Marekani ana njia nyingine. Hujaza maombi ya wanafunzi wa kimataifa, huonyesha uwezo wa kulipa ada ya wageni, hupewa na chuo fomu ya I-20 inayothibitisha kupokelewa kwake, hulipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ndipo aombe viza ya F-1. Masharti ya viza hubadilika, kwa hiyo soma tovuti ya ubalozi wa Marekani nchini mwako kabla ya kutoa hata senti moja.

Chuo kikishakupokea, omba kuonana na mshauri wa masomo na uende na karatasi yako ya assist.org. Mtaandika mpango wa masomo wa muhula kwa muhula. Mwambie unataka hesabu na fizikia zianze mapema, maana vyuo vikuu hivi kwa kawaida hutaka kalkulasi na fizikia, na anayeziahirisha hukwama mwaka wa pili. Kozi za studio hujaa haraka. Jiandikishe siku yako ya kwanza ya kuruhusiwa, na ukikuta imejaa, ingia kwenye orodha ya kusubiri, kisha hudhuria kipindi cha kwanza umwombe mwalimu nafasi.

Nunua rula ya skeli ya inchi na futi. Aliyejifunza kuchora Dar es Salaam au Nairobi amezoea 1:50 na 1:100. Hapa atakuta robo inchi kwa futi, ambayo ni 1:48, na moja ya nane ya inchi kwa futi, ambayo ni 1:96. Zinakaribiana kiasi cha kumdanganya mtu: ukuta wa mita 10 huchorwa sentimita 10 katika 1:100, lakini katika 1:96 unafika sentimita 10.4, na modeli iliyokatwa kwa kuchanganya rula mbili haifungi pembe.

Maombi ya kuhamia vyuo vikuu vya umma huanza kupokelewa Oktoba na hufungwa mwishoni mwa Novemba au mara tu baada ya hapo. Vingine hutaka jalada la kazi zako (portfolio) pamoja na maombi, vingine hulitaka baada ya kukupokea ili vikupangie uanzie studio ya mwaka gani. Kwa hiyo piga picha kila modeli siku ileile unapoikamilisha. Iweke karibu na dirisha jua lisipopiga moja kwa moja, simamisha nyuma yake karatasi nyeupe iliyopinda bila mkunjo, kisha ushushe kamera mpaka ifikie usawa wa macho ya mtu ambaye angesimama mlangoni mwa jengo hilo. Tunza pia michoro ya penseli iliyotangulia, hata ile iliyofutwafutwa, pamoja na muhtasari wa kila kozi uliogawiwa wiki ya kwanza, kwa kuwa ofisi ya chuo kikuu ikitilia shaka kozi fulani, hukuomba muhtasari huo ili ione mlifundishwa nini na kwa saa ngapi.